Herufi Saba kwa Mkono wa Kushoto

Siku ya 1, Jumatatu

Haya, naanza. Hii ni kazi ya mkono wa kushoto, kwa hiyo atakayeisoma asinicheke. Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mstari wa juu umepanda mlima mpaka ukagonga ukingo wa daftari. Daftari lenyewe nimepewa na mtaalamu wa viungo kule hospitali, dada mmoja ninayemwita Nyoosha kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ameniagiza niandike kila siku, hata mstari mmoja, na nihesabu siku. Siku nikikosa nisijilaumu, niandike tu kwamba nimekosa.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Miaka thelathini na saba nimeandika kwenye kuta na milango ya watu: duka la dawa, bucha, gereji, shule. Miezi mitano iliyopita nilikuwa juu ya ngazi, nikamaliza herufi, nikarudi nyuma hatua moja niione ilivyokaa, kama ninavyofanya siku zote nikiwa chini. Sikuwa chini. Watu wote nimewasimulia kisa hiki na wote wamecheka, nami nacheka nao. Mfupa umeunga, lakini mshipa wa fahamu umegoma. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havishiki brashi tena, na daktari ameniambia nisivisubiri.

Sasa lengo langu, naliandika hapa lisije likanitoroka. Binti yangu ni kinyozi. Amepata chumba chake mwenyewe karibu na posta, na anangoja mvua ziishe, plasta ikauke, afungue. Neno KINYOZI juu ya mlango ule nitaliandika mimi, kwa mkono huu huu. Herufi saba.

Nimechoka kama niliyelima.

Siku ya 2, Jumanne

Mvua kutwa. Mstari ni huu.

Siku ya 4, Alhamisi

Nimekaa na mkono huu miaka hamsini na nne na kumbe siujui. Kazi yake ilikuwa kushika kopo la rangi na kunikuna mgongo. Leo nimeuweka mezani nikauangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia sebuleni bila kupiga hodi. Nimeupa jina hilohilo, Mgeni.

Nimefumba macho nikauambia uandike S. Ukaandika S iliyogeuka, ile unayoiona kwenye kioo. Nikarudia mara kumi, na mara nane imetoka imegeuka. Nani aliufundisha hivyo? Mimi sikuufundisha chochote. Nimeuacha uendelee nione utafika wapi, na umeniandikia jina langu lote kinyumenyume, vizuri kuliko unavyoandika sawasawa. Nimemwita Mzee, mume wangu, aje aone. Ameangalia, akaleta kioo cha kunyolea, akasoma jina langu kwenye kioo, akasema mwandiko ni mzuri ila wateja watatembea na vioo.

Siku ya 6, Jumamosi

Mazoezi nafanyia kwenye magazeti ya zamani, brashi ya inchi moja na rangi nyeusi ya maji. Tatizo ni kwamba magazeti hayo ni ya Mzee. Mume wangu alikuwa fundi saa, amestaafu, ila meza yake bado iko dirishani na bado anasoma magazeti ya mwaka juzi kama yameingia leo asubuhi. Nimepaka K kubwa juu ya habari aliyokuwa hajaimaliza. Amenuna mpaka saa nane. Baadaye nikamsikia anasoma kwa sauti, akifika kwenye K yangu anaruka na kuendelea upande wa pili. Nikajua tumepatana.

Siku ya 9, Jumanne

Ubavu wa kiganja changu una herufi zote za leo. Nimelielewa tatizo sasa. Mkono wa kulia ukiandika unakwenda mbele, unayaacha nyuma yaliyoandikwa. Huu wa kushoto unatembea juu ya rangi mbichi, unafuta kila inachoandika brashi. Naandika K, nikifika I nimeshaikokota K mpaka katikati ya gazeti. Nimejaribu kuuinua mkono hewani, ukatetemeka. Nimejaribu fimbo ya kuegemea, ile yenye kitambaa kichwani ambayo sisi wa kazi hii tunalaza mkono juu yake ili usiguse ukuta. Lakini fimbo inashikwa na mkono mwingine, na mkono wangu mwingine ndio huo mgonjwa. Mzee ameifunga fimbo kwenye kiganja cha kulia kwa kipande cha shuka. Ilikaa dakika mbili ikaanguka kwenye kopo.

Siku ya 10, Jumatano

Vilevile. Uchafu mtupu.

Siku ya 12, Ijumaa

Vilevile. Mvua imeingia jikoni.

Siku ya 15, Jumatatu

Nimepata! Nilikuwa naosha brashi, sina hili wala lile, nikajiuliza: nani kasema neno lazima lianzie mwanzo? Msomaji ndiye anayeanzia mwanzo. Ukuta haujali. Nikaenda mezani na mikono imelowa, nikagawa gazeti visanduku saba kwa chaki, nikaanza na kisanduku cha mwisho. I. Halafu Z. Halafu O. Mkono ukawa unakwenda kushoto, rangi mbichi inabaki kulia, hakuna kilichokokotwa. KINYOZI nzima, mbaya kama homa, lakini safi.

Nimecheka peke yangu. Miaka thelathini na saba kwenye kazi na jambo hili sikuwa nalo, kwa sababu sikuwahi kulihitaji. Sasa nataka kujua nini kingine sikijui.

Siku ya 17, Jumatano

Binti yangu amekuja na ndizi. Nikamwonyesha magazeti, nikamweleza habari ya kuanzia mwisho, nikamwambia wazi kwamba mlango wake ni wangu. Nilitegemea aruke. Amesema, "Tutaona, Mama," akageuka kumenya ndizi. Ananionea huruma, na mimi huruma siitaki. Huyu mtoto tangu nilipoanguka amekuwa mpole mno. Zamani tukibishana hata majirani walikuwa wanafunga madirisha.

Siku ya 20, Jumamosi

Leo nimepaka ubao halisi, rangi ya mafuta, nyekundu juu ya nyeupe. Nimeanza saa mbili asubuhi nikamaliza saa saba. Herufi sita zilikuwa za mtu mzima. N tu ndiyo ilisimama kama imelewa. Nikauegemeza ubao ukutani jikoni ukauke, nikaenda kujinyoosha.

Rangi ya mafuta haikauki kwenye unyevu, hilo nalijua tangu nikiwa msichana. Nililosahau ni tundu la paa la jikoni. Niliporudi, tone lilikuwa linadondoka juu ya ubao polepole, halina haraka, na nyekundu yote imeshuka chini. Nimerusha brashi. Mzee ameiokota, ameisafisha kwa mafuta ya taa, ameirudisha kwenye kopo bila kusema neno, na kunyamaza kwake ndiko kulikonikasirisha zaidi. Nimemwambia mtu asiyejua uchungu wa kazi akae na saa zake. Maneno ya ovyo. Yeye ndiye aliyekaa miaka arobaini akichokoa vitu vidogo kuliko punje ya mchele.

Siku ya 21, Jumapili

Nimekosa.

Siku ya 22, Jumatatu

Nimekosa na leo.

Siku ya 23, Jumanne

Nimekosa. Hospitali pia sikwenda. Nimelala nikisikiliza bati. Mzee aliuliza kama nitakula, nikasema sina njaa, nikala.

Siku ya 24, Jumatano

Nataka niandike ukweli kuhusu kilichonirudisha mezani, kwa sababu watu watasema ni moyo wa chuma. Moyo wa chuma sina. Nilikuwa nimelala, nikajiuliza kama Mgeni atakuwa amesahau. Siku tatu bila kazi: je, mkono unarudi nyuma, au unabaki palepale? Swali likanikaa kichwani kama nzi kwenye chandarua. Nikainuka ili nilijibu tu, nirudi kulala.

Haukusahau. O ya leo ni nzuri kuliko O zote za wiki iliyopita. Nimeipiga mara moja, bila kusita, mviringo ukafunga. Nikapiga ya pili nione kama ni bahati. Si bahati. Mkono ulikuwa unajifunza wakati mimi nimenuna.

Nimemwomba Mzee msamaha. Amesema msamaha wa nini, yeye alikuwa anasoma. Mwongo.

Siku ya 26, Ijumaa

Nimemsimulia Nyoosha habari ya O. Akafurahi kuliko mimi, akaandika kwenye faili langu. Amesema mkono unahitaji kupumzika ili kazi izame. Nikamwuliza izame wapi. Akacheka akasema hata wao hawajui sawasawa. Nimempenda kwa jibu hilo.

Siku ya 28, Jumapili

Herufi mia mbili na kumi leo. Nimezihesabu.

Siku ya 29, Jumatatu

Kiwiko cha mkono kimevimba, kile cha kushoto. Nyoosha amekibonyeza nikaona nyota. Nilisikia neno kupumzika, nikaenda nyumbani nikaandika herufi mia mbili na kumi. Amenitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekula chaki. Siku kumi sigusi brashi wala kalamu. Hata maneno haya nayaiba.

Siku ya 31, Jumatano

Anayeandika leo ni mume wake. Nimeambiwa niandike atakachosema, nisiongeze changu.

Anasema mvua ni ileile. Anasema kiwiko kinauma akiamka. Anasema niandike kwamba kukaa bila kazi ni adhabu, na kwamba mimi natembea taratibu mno kutoka meza hadi dirisha. Hilo la mwisho nimeliandika kwa sababu nimeahidi.

Sasa amekwenda kuanua nguo, naongeza changu. Anapokaa hivi bila kazi, kidole chake cha kushoto kinaandika gotini. Hajui. Nimekitazama nusu saa. Kinaanza na I.

Siku ya 35, Jumapili

Mume wake tena. Anasema leo hana la kusema. Ametumia dakika ishirini kulisema hilo.

Siku ya 39, Alhamisi

Nimerudi mwenyewe. Nimesoma aliyoyaongeza Mzee, na nimekaa muda mrefu na ukurasa ule. Mtu ameketi dirishani na magazeti yake, mimi nadhani hanioni.

Herufi ishirini tu leo, halafu nikaweka brashi chini. Imeniuma kuiweka chini kuliko kiwiko kilivyoniuma.

Siku ya 41, Jumamosi

Mvua imepumzika kwa saa mbili, nikaenda kuona chumba cha binti yangu. Kimoja, dirisha moja, mlango wa mbao, ukuta mpana juu yake unaotazama barabara. Kioo kimeshafungwa ndani. Nikamwambia ubao wangu utakaa pale juu, misumari minne, basi. Akasema mwenye nyumba hataki misumari, plasta ni mpya na itapasuka. Kama ni maandishi, yapakwe ukutani moja kwa moja.

Nikasema sawa, nitapaka ukutani. Nikaangalia juu. Ni kipandio cha sita cha ngazi, kwa jicho langu.

Nilipofika nyumbani Mzee alikuwa msalani. Nikaenda uani, ngazi yangu imelazwa pale tangu siku ile, ina vipandio tisa. Nikaiegemeza ukutani. Kipandio cha kwanza, sawa. Cha pili, magoti yakaanza kucheza. Nilikuwa nayaangalia magoti yangu mwenyewe yanacheza na siwezi kuyatuliza, na jasho linanitoka kwenye baridi. Nikashuka haraka, nikailaza ngazi kama ilivyokuwa.

Siku arobaini na moja nahangaika na mkono. Kumbe mkono ulikuwa sehemu rahisi. Meza haina urefu wa kumwangusha mtu, na ndiyo maana niliipenda. Nimejidanganya, na sikujua kwamba najidanganya. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi.

Siku ya 43, Jumatatu

Herufi ishirini na tano. Kipandio cha pili, mpaka kuhesabu kumi.

Siku ya 44, Jumanne

Herufi ishirini na tano. Kipandio cha pili, mpaka ishirini. Nimeona kwamba magoti yanatulia nikiimba.

Siku ya 46, Alhamisi

Mvua ya mawe. Herufi kumi, ngazi hakuna.

Siku ya 47, Ijumaa

Kipandio cha tatu. Mzee amenikuta. Amekuja akashika ngazi na kuniuliza ninaimba nini. Nikamwambia. Akasema basi niimbe vizuri.

Siku ya 50, Jumatatu

Leo ni siku ndefu na sijui nitaiandika yote.

Nilikwenda chumbani kwa binti yangu na utepe wa kupimia, nipime ukuta nigawe visanduku vyangu. Nikasukuma mlango, kukawa na kitu nyuma yake. Bango la plastiki, lile la kutolewa na mashine, limeviringishwa vizuri na kufungwa kwa kamba. Nikalifungua sakafuni. KINYOZI, herufi za buluu, mkasi upande mmoja na upande wa pili picha ya mwanaume mwenye meno mengi. Lina matundu manne ya kupitishia kamba. Halihitaji msumari wowote.

Binti yangu alikuwa anafuta kioo. Aliniona kwenye kioo kabla hajageuka. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira niliumia, kama mtu aliyeambiwa njoo na kukuta watu wameshakula. Nikamwambia angesema tu. Angesema siku ile ya ndizi kwamba haamini nitaweza, nami ningemsikia.

"Mama, mkono wako nimeuona," akasema. "Unaweza."

"Sasa hili ni nini?"

"Ni ngazi."

Akaketi kwenye kile kiti chake kipya cha kunyolea watu, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia, akaniambia habari ya siku ile kwenye ukuta wa duka la dawa. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Mimi hilo nalijua, alikuwa ananisaidia Jumamosi zote. Lakini kwenye kisa ninachosimulia, kile cha kuchekesha, hayumo. Nilipomaliza herufi ile nilimwita. Nilimwambia, "Njoo uione." Kama nilivyokuwa namwambia tangu ana miaka sita. Na yeye akaachia ngazi, akavuka upande wa pili wa barabara, akainua uso kutazama.

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Nilikuwa nafungua mdomo nikwambie ni nzuri. Halafu hukuwepo."

Sikumbuki kumwita. Nimetafuta kichwani mchana kutwa na silipati neno hilo. Lakini najua ni kweli, kwa sababu ndivyo ninavyofanya. Miezi sita na zaidi nimesimulia mbele yake, kwa wageni, kwa majirani, jinsi nilivyorudi nyuma kama mpumbavu. Yeye anamimina chai. Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Upole ule niliouita huruma ulikuwa mzigo, ameubeba peke yake nyumbani kwangu na mimi simwoni. Nililia, na sikumficha.

"Mimi ndiye niliyekuita," nikamwambia.

"Na mimi ndiye niliyeachia."

Nikamwambia basi siku ile tulikuwa wapumbavu wawili, si mmoja. Akacheka kidogo huku pua inamtiririka. Lakini hakubadili neno lake. Amesema niandike mlangoni, chini, nikiwa nimesimama ardhini, hata herufi ndogo, yeye ataridhika. Juu hapana. Hataki kuniona juu.

Nimerudi nyumbani bila kupima.

Siku ya 51, Jumanne

Nimewaza habari ya mlangoni. Herufi za chini mtu haoni mpaka ameshafika, na aliyeshafika hahitaji bango. Lakini hilo ni jibu la fundi. Je, jibu la mama ni lipi? Kama nikiandika chini, yeye atafungua duka lake kila asubuhi akiniona bado nimelala kwenye lami ile.

Herufi ishirini na tano. Kipandio cha nne, Mzee ameshika.

Siku ya 53, Alhamisi

Cha nne. Kiwiko cha kulia nimekipitisha kwenye ngazi, kikanishikilia kama ndoano. Kumbe mkono ule bado una kazi.

Siku ya 55, Jumamosi

Binti yangu ameingia uani nikiwa kwenye kipandio cha tano, nimeshika brashi, gazeti limebandikwa ukutani. Nilimsikia amesimama. Sikugeuka. Nimeandika I na Z na O, nikashuka. Alikuwa amekwenda. Mzee amesema alisimama muda wote huo ameziba mdomo kwa kiganja, akaondoka bila kuaga.

Siku ya 57, Jumatatu

Jua la kwanza. Cha sita. Nimekaa pale juu mpaka nikachoka kuhesabu. Paa la jirani lina kiatu kimoja cha mtoto. Kimefikaje huko?

Siku ya 58, Jumanne

Jua. Herufi ishirini na tano. Kiatu bado kipo.

Siku ya 60, Alhamisi

Siku ya nne bila mvua. Nimemtumia binti yangu ujumbe kwamba Jumamosi saa moja nitakuwa ukutani kwake na baba yake atashika ngazi, na kama hataki kuona akae ndani. Ametuma neno moja: Sawa. Nimelisoma mara nyingi. Sijui ni sawa ya namna gani.

Siku ya 62, Jumamosi

Nilifika na makopo mawili, brashi tatu na Mzee. Plasta ilikuwa imekauka, nikaigonga kwa kidole ikalia vizuri. Tulipiga uzi wa chaki, mstari wa juu na mstari wa chini, kisha visanduku saba. Mlango ulikuwa wazi lakini binti yangu hakutoka. Nikasikia anasogeza kiti ndani.

Nikaegemeza ngazi upande wa kulia kabisa. Mzee akaenda kuishika. Hapo binti yangu akatoka, amevaa koti lake jeupe la kazi, akamwambia baba yake asogee.

"Mama ni wangu leo," akasema.

Mzee akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akasogea, akaketi kwenye ndoo.

Nimepanda. Kwenye kipandio cha tatu magoti yakaanza mambo yao, nikaimba, nikasikia chini yangu mtu mwingine anaimba wimbo huohuo kwa sauti ya kutetemeka. Kwenye cha sita nikapitisha kiwiko, nikachovya brashi. I. Nikashuka, tukasogeza ngazi, nikapanda. Z. Kila herufi ni kupanda na kushuka, na kila nikipanda naiona mikono yake imekamata mbao mpaka imebadilika rangi.

Wapita njia wakaanza kusimama. Hawakuwa wamewahi kuona neno linaloota kutoka mkiani. Nilipofika OZI mwuza matunda wa ng'ambo akasema hilo ni jina la mtu, mama mwenye mtoto mgongoni akasema ni ugonjwa. Wakabishana kwelikweli, mwingine akaacha teksi yake katikati ya barabara ili aje kutoa maoni. Nilipomaliza Y na N wakapiga kelele wote kwa pamoja kwamba wamejua. Wamebaki vilevile, wanataka kuona inavyoisha.

K niliiacha itulie moyoni kwanza. Mstari wa wima, taratibu, pumzi nje. Mkono wa juu. Mguu wa chini, ule ambao kwenye magazeti ulikuwa unanitoroka kila mara. Haukunitoroka. Nikaitoa brashi ukutani.

Na furaha ile ilivyonijaa, sikufikiri. Mdomo ulijifungulia wenyewe.

"Njoo uione!"

Nikainamisha macho. Utosi wa binti yangu ulikuwa palepale chini ya miguu yangu, na rangi nyekundu imemdondokea begani kwenye lile koti jeupe.

"Siji, Mama," akasema, hakuinua hata uso. "Hapa naona viatu vyako tu. Shuka kwanza."

Nikashuka vipandio vyote sita. Hakuachia mpaka mguu wangu wa pili ulipogusa chini, na hata hapo alihakikisha kwanza kwa macho. Ndipo akanishika mkono wa kushoto, na rangi yake yote, tukavuka barabara, tukageuka.